Mtumiaji Asiyeulizwa: Uhakiki wa Nafasi ya Utafiti wa Uzoefu wa Mtumiaji katika Mfumo wa Stakabadhi Ghalani wa Korosho, Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Uhakiki huu unachunguza nafasi ya utafiti wa uzoefu wa mtumiaji katika uundaji wa bidhaa, kwa kurejelea mfumo wa stakabadhi ghalani unaotumika kuuzia korosho katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Katika maandishi mengi ya fani hii, bidhaa inayozungumziwa ni programu ya simu au tovuti, na mtumiaji ni mtu aliyeketi mbele ya kioo. Upeo huo ni finyu kwa mazingira ya Tanzania. Mfumo wa kuuzia zao nao ni bidhaa: umebuniwa na watu, una hatua ambazo mtumiaji hana budi kuzipitia, una mizani, karatasi, akaunti ya benki na ujumbe wa simu, na unaweza kumfaa mtumiaji au kumchosha. Tofauti ni kwamba programu mbaya hufutwa kwenye simu, na hasara yake huishia hapo. Mkulima wa korosho hana njia hiyo. Akiukwepa mfumo anavunja sheria; akiufuata, mapato yake ya mwaka mzima yanategemea ubora wake.

Hoja kuu inayojengwa hapa ni kwamba mfumo wa stakabadhi ghalani ulibuniwa kwa kuzingatia mahitaji ya soko, benki na usimamizi, na kwamba mahitaji hayo ni ya haki; lakini mkulima, ambaye mfumo unatajwa kuwa wake, aliingizwa kama mpokeaji wa maelekezo na si kama chanzo cha maarifa. Inadaiwa pia kwamba biashara ya kangomba, ambayo kwa kawaida hutazamwa kama uhalifu tu, ni ushahidi muhimu wa uzoefu wa mtumiaji ambao wabunifu wa mfumo hawakuusoma.

2.0 Dhana na Mkabala

Istilahi ya uzoefu wa mtumiaji ilipata umaarufu katika miaka ya 1990, hasa kupitia kazi za Donald Norman, aliyekuwa katika kampuni ya Apple, ingawa misingi yake imo tayari katika kitabu chake cha 1988 kuhusu vitu vya matumizi ya kila siku. Hoja yake ya msingi ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: mtu anaposhindwa kutumia kitu, kosa litafutwe kwanza katika kitu, si katika mtu. Utafiti wa uzoefu wa mtumiaji ni utaratibu wa kulitafuta kosa hilo mapema, kwa kumwona mtumiaji akiwa katika kazi yake halisi, kumsikiliza, kumpa bidhaa ikiwa bado mbichi, kisha kuibadilisha kabla haijawa ghali kuibadilisha.

Maarifa haya si mageni katika fikra za Waswahili. Methali isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake inadai jambo lilelile: kuna ujuzi ambao haupatikani kwa kukitazama kitanda, wala kwa kumuuliza fundi aliyekichonga. Hata hivyo, methali inaishia pale ambapo utafiti unaanzia. Inasema nani anajua. Haisemi ujuzi huo utamfikiaje fundi, wala fundi atalazimika vipi kuuzingatia. Uhakiki huu unajikita katika pengo hilo, kwa kurejelea sheria, matukio ya umma na historia ya zao la korosho.

Mkabala wa pili unaotumika ni wa Robert Chambers, ambaye katika kitabu chake cha 1983 kuhusu maendeleo ya vijijini alionyesha jinsi watafiti wanavyopotoshwa na njia wanazopita: hufuata barabara nzuri, hufika wakati wa kiangazi, na huzungumza na wenye sauti. Mkabala huu ni wa lazima kwa sababu utafiti wa mtumiaji unaweza kufanyika na bado ukamkosa mtumiaji.

3.0 Viwanda: Bidhaa Iliyomtangulia Mtumiaji

Kabla ya stakabadhi ghalani, Masasi na Newala zilikwisha kuona bidhaa kubwa iliyoundwa bila kumjua mtumiaji wake. Katika miaka ya 1970, Tanzania, ikisaidiwa na mikopo ya Benki ya Dunia, ilijenga viwanda vya kubangua korosho, vikiwamo vya Masasi na Newala. Wazo lilikuwa la kizalendo na lenye mantiki: korosho ghafi zilizokuwa zikisafirishwa kwenda kubanguliwa India zibanguliwe nchini, na thamani ibaki nyumbani. Mavuno yalikuwa yamefikia takribani tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, na uwezo wa viwanda ulipangwa kwa kutazama mteremko huo wa mafanikio.

Kilichosahaulika ni mtu aliyekuwa akiziokota korosho hizo. Wakati mitambo inaagizwa, wakulima wa kusini walikuwa wamehamishwa au wanahamishwa kwenda katika vijiji vya ujamaa, mara nyingi mbali na mikorosho yao. Bei aliyolipwa mkulima haikumpa sababu ya kutembea mwendo mrefu kupalilia mti wa zamani. Ugonjwa wa ubwiri unga ulipoenea, mti uliokwisha kutelekezwa haukuwa na mtetezi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, mavuno ya taifa yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000 kwa msimu. Viwanda vilibaki na mitambo isiyo na cha kubangua. Vingine havikuwahi kufanya kazi kwa kiwango kilichokusudiwa, na baada ya ubinafsishaji baadhi ya majengo yaligeuzwa maghala.

Ni desturi kulieleza anguko hili kwa sababu za uchumi na kilimo, na sababu hizo ni za kweli. Hata hivyo, zote zilikuwa na mahali pamoja pa kuonekania: shambani kwa mkulima. Umbali kati ya nyumba mpya na mti wa zamani, thamani ya siku ya kazi ikilinganishwa na bei ya kilo, na unga mweupe kwenye maua ni mambo ambayo mkulima wa Newala aliyajua kabla ya mpangaji yeyote. Hayakuhitaji mtambo wa kuyagundua. Yalihitaji mtu wa kuuliza, na nafasi ndani ya mpango ambamo jibu lingeweza kubadilisha ukubwa wa kiwanda.

4.0 Stakabadhi Ghalani: Mtumiaji ni Nani?

Sheria ya Stakabadhi za Maghala Na. 10 ilitungwa mwaka 2005, na mfumo ukaanza kutumika katika korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08. Kwa maana yake ya asili, stakabadhi ya ghala ni hati inayompa mwenye mzigo uhuru wa aina mbili: anaweza kusubiri bei nzuri, na anaweza kuitumia hati hiyo kama dhamana ya mkopo wakati anasubiri. Ni bidhaa iliyobuniwa kwa ajili ya mtu mwenye mzigo wa kutosha na muda wa kungoja.

Utekelezaji wake Masasi na Newala ulichukua sura nyingine. Mkulima hukausha na kuchambua korosho zake, huzipeleka katika chama cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, ambako hupimwa na kuandikiwa risiti. Chama hukusanya mizigo ya wanachama na kuisafirisha hadi ghala kuu, ambako ubora hukaguliwa na stakabadhi ya ghala hutolewa. Mzigo huuzwa mnadani chini ya usimamizi wa chama kikuu: TANECU kwa Newala na Tandahimba, MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Mnunuzi hulipa, makato hutolewa, na kinachobaki huteremka hadi akaunti ya mkulima.

Katika mlolongo huu, hati iliyoupa mfumo jina lake haiko mikononi mwa mkulima. Alicho nacho yeye ni risiti ya chama, inayothibitisha kwamba ametoa. Haimpi uwezo wa kuamua lini auze, wala si rahisi kukopea. Uhuru wa kungoja umegeuka kuwa wajibu wa kungoja. Hapa ndipo swali la kwanza la utafiti wa uzoefu wa mtumiaji lilipopaswa kuulizwa: mtumiaji wa bidhaa hii ni nani? Kwa mnunuzi, mfumo unatoa mzigo mkubwa uliopangwa kwa madaraja mahali pamoja. Kwa benki, unatoa dhamana inayoonekana. Kwa halmashauri na serikali, unatoa takwimu na makusanyo. Kila mmoja wa hawa ana sababu ya kuusifu, na kila mmoja alikuwa na mwakilishi mezani.

Haki inataka isemwe kwamba mkulima naye amefaidika. Baada ya soko huria la miaka ya 1990, mnunuzi binafsi alifika kijijini na bei yake, na mkulima mmoja mmoja hakuwa na nguvu ya kuikataa. Mnada ulibadilisha hali hiyo. Katika msimu wa 2017/18 bei za minadani zilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, na Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba, wakiwa pamoja, waliweza kukataa bei za mnada wa kwanza walizoziona kuwa ndogo. Uwezo wa kusema hapana kwa pamoja ni mafanikio ambayo uhakiki wowote wa haki hauwezi kuyapuuza.

Lakini bei ni sehemu moja tu ya uzoefu. Sehemu nyingine ni muda unaopita kati ya mizani na fedha, na uwazi wa hesabu inayotenganisha bei ya mnada na kiasi kinachoingia katika akaunti. Katika miaka ya mwanzo, malipo yalitolewa kwa awamu: malipo ya kwanza kwa mkopo wa benki, na malipo ya pili baada ya mauzo. Kwa mhasibu, mpango huo ni wa kueleweka. Kwa mkulima, malipo ya pili yalikuwa ahadi isiyo na tarehe wala kiasi. Aprili 2013, wilayani Liwale katika mkoa jirani wa Lindi, hasira za wakulima kuhusu malipo hayo ziligeuka ghasia na nyumba zikachomwa moto. Mtumiaji asiyepewa nafasi ya kusema wakati wa ubunifu alisema wakati ambapo kusema kulikuwa na gharama kubwa kwa kila mtu.

5.0 Kangomba kama Ushahidi

Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa kipimo cha bakuli au kopo badala ya mizani, na mara nyingi kabla ya msimu, wakati mkulima ana njaa au mgonjwa na mikorosho bado ina maua. Bei yake ni ya kumuumiza mkulima. Viongozi wa serikali na wa ushirika wamekuwa wakiipiga vita, na uhakiki huu haukusudii kuitetea.

Hata hivyo, mtafiti wa uzoefu wa mtumiaji analazimika kuuliza swali ambalo mwendesha mashtaka hana haja nalo: mtu mwenye akili timamu, anayejua bei ya mnada, anapouza kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, ananunua nini kwa tofauti anayoipoteza? Jibu linaonekana katika sifa za kangomba zenyewe. Malipo ni ya papo hapo. Ni fedha taslimu, hayapitii benki iliyo mjini. Kiasi kidogo kinakubaliwa. Mwenye bakuli tatu hahitaji kungoja gunia lijae. Hakuna fomu wala makato ya baadaye. Mnunuzi anafika mlangoni. Kila sifa kati ya hizi inataja, kwa kinyume chake, hatua moja ya mfumo rasmi ambayo inamshinda mtumiaji fulani. Kangomba, kwa maana hiyo, ni orodha ya mahitaji iliyoandikwa kwa hasara ya mkulima.

Mwaka 2018 nafasi ya kuisoma orodha hiyo ilijitokeza kwa namna ya pekee. Baada ya bei za minadani kukataliwa, serikali ilitangaza mwezi Novemba kwamba itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumika kuzisafirisha. Ili fedha za umma zisiwafikie walanguzi, kulifanyika uhakiki wa wakulima: mwenye mzigo mkubwa alitakiwa kuthibitisha kwamba ana shamba la kuuzaa. Kusudi lilieleweka. Lakini neno uhakiki, kama lilivyosikika vijijini msimu ule, lilielekezwa upande mmoja. Aliyehakikiwa ni mtumiaji. Mfumo uliomfanya auze kwa bakuli haukuhakikiwa kwa bidii ile ile. Matokeo yake ni kwamba mkulima aliyekuwa ametumia fedha za kangomba kumtibu mtoto mwezi Agosti alibaki nje ya zoezi la Novemba, akiwa hana korosho za kuonyesha, na uzoefu wake haukuandikwa popote kama maarifa.

6.0 Ulinganisho: Majaribio ya Thika

Kwamba matumizi yasiyotarajiwa yanaweza kusomwa kwa namna tofauti kunathibitishwa na historia ya M-Pesa nchini Kenya. Majaribio yake yalianza mwaka 2005, Nairobi na Thika, kwa ushirikiano wa Vodafone, Safaricom, taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya na Commercial Bank of Africa. Bidhaa iliyokusudiwa ilikuwa njia ya kupokea na kurejesha mikopo ya vikundi kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza kazi hiyo, walieleza baadaye jinsi watumiaji walivyoipindisha: walitumiana fedha wao kwa wao, walizihifadhi humo wakiwa safarini, waliwalipia wengine. Kwa taasisi ya mikopo hali hiyo ilileta usumbufu wa hesabu. Kwa watafiti ilikuwa habari njema. Bidhaa iliyozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya kile watumiaji walichokifanya, yaani kutuma fedha nyumbani, na si juu ya mikopo iliyokusudiwa.

Ulinganisho huu una mipaka. Kampuni ya simu inaweza kubadilisha bidhaa yake kwa uamuzi wa chumba kimoja. Mfumo wa zao unafungwa na sheria, kodi na siasa. Tena, bidhaa iliyofaulu upande mmoja wa mpaka haihami na mafanikio yake: M-Pesa ilipozinduliwa Tanzania mwaka 2008, ilienea polepole kuliko Kenya, na ililazimu mpangilio wa mawakala na gharama uangaliwe upya. Hata hivyo, jambo moja linabaki. Waliopindisha bidhaa Thika walisikilizwa. Waliopindisha mfumo Newala walisakwa. Tofauti hiyo inatokana zaidi na uwepo wa mtu ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kutazama matumizi na kuyaripoti kwa wenye uwezo wa kubadilisha bidhaa kuliko tabia za watumiaji wenyewe.

7.0 Mipaka ya Utafiti Wenyewe

Inaweza kupingwa kwamba mkulima tayari ana jukwaa, yaani mkutano mkuu wa chama chake. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa mkutano unampa mkulima kura ambayo mtafiti hawezi kumpa. Lakini mkutano husikia wanaosimama. Aliyeuza kwa kangomba hatasimama kukiri mbele ya viongozi wake. Na mwanamke aliyeziokota na kuzichambua korosho zilizopimwa kwa jina la mumewe huenda si mwanachama.

Utafiti nao una historia yake katika eneo hili, na si yote ya kujivunia. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alikaa Masasi na Newala akikusanya nyimbo kwa mtambo wa kurekodia sauti, akipiga picha na kuandika desturi. Alifika wakati vita vya Maji Maji vilikuwa havijapoa, akisindikizwa na askari. Kumbukumbu alizoacha zina thamani, lakini mazingira ya kuzikusanya ni onyo: jibu linalotolewa mbele ya anayeweza kuadhibu ni sehemu ya hofu, si sehemu ya uzoefu. Utafiti wa mtumiaji unaofanywa na chombo kile kile kinachosaka kangomba utapata majibu mazuri na data mbovu.

Onyo la Chambers nalo lina sura mahususi hapa. Masasi iko chini ya uwanda wa Makonde, kati ya vilima vya mawe, kwenye makutano ya barabara za Mtwara, Tunduru na Nachingwea. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, ikitazama bonde la Ruvuma. Mtafiti atakayeishia Masasi mjini, mwezi wa Novemba, atakutana na mkulima mwenye fedha, karibu na benki, akizungumza Kiswahili kwa ufasaha. Hatakutana na bibi wa kijiji cha ukingoni mwa uwanda anayewaza kwa Kimakonde, katika mwezi ambao ghala la nyumbani limekwisha na msimu haujafunguliwa. Huyo wa pili ndiye anayeamua kama kangomba itaendelea.

8.0 Hitimisho

Kuanzia Oktoba 2024 minada ya korosho imeingizwa katika mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, na minada ya mwanzo ilizaa bei zilizozidi shilingi 4,000 kwa kilo. Ni hatua ya maana, kwa sababu zabuni za wanunuzi sasa zinaonekana. Hata hivyo, kwa mtazamo wa uhakiki huu, kilichoboreshwa ni hatua moja, ile ya kupanga bei, ambayo mtumiaji wake wa moja kwa moja ni mnunuzi. Hatua zilizo karibu zaidi na mkulima, yaani mizani ya chama, risiti, maelezo ya makato, siku za kungoja na safari ya benki, hazibadiliki kwa sababu tu mnada umehamia kwenye kioo.

Mapendekezo matatu yanatokana na mjadala huu. Kwanza, muda kati ya mizani na malipo uchukuliwe kama kipimo cha ubora wa mfumo na utangazwe kwa kila chama, kama bei inavyotangazwa. Pili, utafiti wa mtumiaji ufanyike pia kati ya Julai na Septemba, miezi ambayo mfumo rasmi umelala na kangomba iko macho, na ufanywe na watu wasio na mamlaka ya kukamata, kwa lugha ambazo wahusika wanazitumia nyumbani. Tatu, waliouacha mfumo wahesabiwe kuwa watumiaji wake. Hao ndio wanaojua kwa undani zaidi kasoro zake. Viwanda vya miaka ya 1970 vilishindwa kwa sababu kila kitu kilikuwa kimepimwa isipokuwa uamuzi wa mkulima kuhusu mti wake. Mfumo wa stakabadhi ghalani bado unaweza kurekebishwa, kwa kuwa mkulima bado anaitunza mikorosho na bado anapeleka sehemu ya mavuno yake katika chama. Hiyo sehemu anayoibakiza ndiyo inayosubiri mtafiti.